Ziwa la Ggaba lina kumbukumbu, mito ya Kalehe haina

Vijana wenzangu, anayeishi hapa Ggaba muda mrefu anaukumbuka mwaka 2020. Korona ilikuwa imetufungia ndani, na ziwa nalo likapanda mpaka likaingia kwenye maduka na nyumba za karibu na mwalo. Mwezi wa tano mwaka ule, Ziwa Victoria lilivunja rekodi yake ya 1964.

Mwaka 2024 wanasayansi walichapisha utafiti juu ya kupanda kule. Walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wa ziwa kupanda kwa kasi namna ile karibu mara 1.8. Walijuaje? Pale Jinja kimo cha maji kinapimwa tangu miaka ya 1890. Mtu alisoma namba akaiandika, akaondoka, mwingine akampokea. Zaidi ya miaka mia moja.

Sasa twende kwetu Kivu. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, Kalehe. Mvua ilinyesha milimani, mito ikashuka na mawe na matope, ikabeba watu wa Nyamukubi na wa Bushushu. Waliokufa walipita 400, na wengine hawajaonekana mpaka leo. Wengi wetu hapa Kampala tuna watu wetu kule.

Wanasayansi wa kundi linaloitwa World Weather Attribution walijaribu kujibu swali ambalo hata mama zetu waliuliza: je, mvua hii ni ya kawaida, au hali ya hewa imebadilika? Mmoja wa wanasayansi wanaojulikana sana katika kundi hilo ni Dkt. Joyce Kimutai wa Kenya. Alianzia kazi katika idara ya hali ya hewa ya nchi yake, akaendelea mpaka utafiti wa London, na ameshiriki mazungumzo ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa. Kazi yao haikai kabatini. Msiba ukitokea, wanachunguza haraka, halafu wanawaeleza waandishi wa habari na serikali watu wakiwa bado wanalia.

Juu ya ukame wa Pembe ya Afrika walijibu mwaka 2023: mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wake kama mara 100. Juu ya mafuriko ya Kenya, Somalia na Ethiopia mwishoni mwa mwaka huohuo pia walijibu. Lakini juu ya Kalehe na Rwanda, ripoti yao ya Juni 2023 ilisema takwimu zilizopo hazitoshi. Hawakuweza kujibu.

Mimi nawaheshimu kwa kusema ukweli ule. Mwanasayansi anayesema "hatuna vipimo" ni bora kuliko anayebuni. Lakini tujiulize, jamani: ni kwa nani jibu linakosekana? Ni kwa maskini, kwa vijiji vyenye vita, mahali ambapo hakuna mtu anayelipwa kupima mvua. Na siku hizi namba ni ushahidi. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, na nchi zitakazoomba zitahitaji kuonyesha kilichotokea. Mkataba wa wakimbizi wa 1951 haumtambui mtu aliyekimbia mafuriko peke yake. Basi mtu wa Nyamukubi asiye na nyumba, asiye na karatasi na asiye na hata namba ya mvua iliyomfukuza, atasema nini mbele ya meza zile?

Kuna watakaosema: sisi tuna kodi ya nyumba, tuna ada ya shule, tuna mambo ya kitambulisho, tabianchi ni ya watu wa mashirika. Naelewa. Lakini bei ya mukene, maji kuingia nyumbani, shamba la bibi kule nyumbani kubebwa na mto, hayo yote ni tabianchi hiyohiyo. Ni kwamba tu haijaelezwa kwa lugha yetu.

Ndiyo maana nasema watu kama Kimutai wanatuhitaji kama sisi tunavyowahitaji. Watafiti waje mwaloni, wazungumze Kiswahili, na warudishe majibu kwa watu waliowauliza maswali. Na sisi tusisubiri kualikwa. Kipimo cha mvua si mashine ya ajabu: ni chombo cha kukinga maji chenye alama za milimita, kinasomwa kila asubuhi saa ileile, na daftari. Shule ikiwa na kimoja, kanisa kimoja, msikiti kimoja, na wazee wakatuhadithia miaka ya mafuriko tukaandika tarehe, tayari tumeanza kumbukumbu.

Namba moja haina maana kubwa. Za miaka kumi zina maana, za miaka hamsini zinaweza kujibu swali. Wale wa Jinja hawakujua kwamba namba zao zingekuja kusema kwa niaba ya Ggaba. Waliandika tu, kila siku. Siku amani ikirudi na sisi tukirudi Kalehe, twende tukijua kazi hiyo.