Nyota Alisomea Wapi?

Wasomaji wa hadithi za kusisimua jijini Dar es Salaam, tangu Magomeni hadi Kariakoo, wamezoea kukutana na shujaa aliyekwisha kukamilika. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alipotokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alitokea na kiko chake na akili yake pevu. Willy Gamba wa A. E. Musiba alipoingia kazini katika Kufa na Kupona mwaka 1974, alikuwa tayari mpelelezi hodari. Vitabu vilivyofuata viliongeza visa vipya. Msomaji alitaka kujua shujaa atafanya nini, wala hakuwa na haja kubwa ya kuuliza ni nani aliyemfundisha.

Katika hadithi za safari za angani swali hilo limeulizwa, nalo limezaa kitabu cha namna ya pekee, kinachoweza kuitwa riwaya tangulizi. Riwaya hiyo huandikwa baada ya nyingine katika mfululizo, lakini husimulia mambo yaliyotokea kabla ya zote. Wako walimu wanaoiona kuwa ni hila ya wachapishaji ya kukamua ng'ombe yule yule mara ya pili. Huenda hila hiyo ipo. Hata hivyo, kwa mwalimu wa sayansi riwaya tangulizi ina manufaa kuliko ndugu zake wote, kwa kuwa inamlazimisha mwandishi kueleza jinsi maarifa yalivyopatikana.

Yafaa kutazama mifano miwili. Isaac Asimov alianza kuchapa hadithi zake za Foundation gazetini mwaka 1942. Ndani yake yumo Hari Seldon, mtaalamu wa hisabati awezaye kutabiri mwenendo wa mataifa. Katika hadithi za mwanzo Seldon ni mzee anayeheshimiwa, na elimu yake imekwisha kukomaa. Mwaka 1988 Asimov alitoa Prelude to Foundation, akamrudisha Seldon katika ujana wake. Hapo msomaji anagundua kwamba kijana huyo alikuwa amethibitisha jambo moja tu, yaani kwamba utabiri wa namna hiyo unawezekana kinadharia. Namna ya kuutekeleza hakuijua. Historia ya roketi yenyewe ilikwenda vivyo hivyo. Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi alichapisha mlinganyo wa mwendo wa roketi mwaka 1903, lakini setilaiti ya kwanza, Sputnik, ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957. Baina ya nadharia na tendo ilipita miaka 54, na hakuna mwanafunzi anayeielewa sayansi asiyeielewa miaka hiyo.

Mfano wa pili unawagusa zaidi wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1986 Vonda N. McIntyre alitoa Enterprise: The First Adventure, riwaya tangulizi ya mfululizo wa Star Trek ulioanza katika televisheni ya Marekani mwezi Septemba 1966. Kitabu hicho kinamrudisha nahodha James Kirk kwenye siku aliyokabidhiwa chombo chake. Anayetarajia vita atashangaa, maana kazi ya kwanza ya nahodha huyo ni kuwasafirisha wasanii wa jukwaani wanaokwenda kuwatumbuiza watu wa vituo vya mbali. Mabaharia wake hawajazoeana, naye mwenyewe hajakomaa katika uongozi.

Ndani ya chombo hicho yumo afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura. Jina lake limetokana na neno uhuru. Mwigizaji wake wa kwanza, Nichelle Nichols, alikuwa na riwaya yenye jina hilo mkononi alipokwenda kuomba nafasi ya kuigiza, na neno likageuzwa kidogo likawa jina la mtu. Katika kipindi cha kwanza kabisa kilichoonyeshwa mwaka 1966 Uhura anaamkiwa kwa Kiswahili. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1967 anapotewa na kumbukumbu, na anapofundishwa upya Kiingereza anateleza na kurudi katika Kiswahili. Filamu ya mwaka 2009, iliyorudi kwenye ujana wa mabaharia hao, ilimpa jina la kwanza la Nyota na kumwonyesha akiwa mwanafunzi wa lugha. Tamthilia nyingine tangulizi iliyoanza mwaka 2022 ilimtambulisha kuwa ametoka Kenya, naye anasema lugha 37.

Haya yote ni ya kupendeza, lakini msomaji makini wa Magomeni ana haki ya kuuliza swali lililobaki: Nyota alisomea wapi? Ni nani aliyemfundisha sauti inavyobebwa na mawimbi ya redio, na kwa nini mawimbi hayo hukatika chombo kinapozama nyuma ya upeo? Watungaji wa mbali wamelichukua jina lake na maneno machache ya lugha yake. Mwanzo wake wameuandika kwa kadiri walivyoweza. Haifai kuwalaumu kwa kutoandika wasichokijua. Mwanzo huo upo, na ulitokea kweli katika pwani hii, kabla Uhura hajabuniwa.

Kati ya mwaka 1960 na 1964 palikuwapo kituo cha kufuatilia vyombo vya angani katika kisiwa cha Unguja, eneo la Tunguu. Kilikuwa kimojawapo cha vituo 18 vilivyotandazwa duniani na Marekani kwa ajili ya mradi wa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa mahali palipozungumza naye. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa. Basi kazi aliyopewa Uhura katika hadithi, yaani kukaa mbele ya mitambo na kupokea sauti kutoka angani, ilikwisha kufanyika Unguja miaka minne kabla ya televisheni kumwonyesha.

Kwa nini vituo viwe vingi hivyo? Mwanafunzi anayeijua kanuni ya Pithagorasi aweza kujibu. Nusu kipenyo cha dunia ni kilometa 6,371. Chombo kikiwa juu kilometa 250, umbali wake kutoka katikati ya dunia ni kilometa 6,621. Tofauti ya miraba ya tarakimu hizo mbili ina kipeo cha pili cha 1,800 hivi. Maana yake ni kwamba kituo hukiona chombo kwa kilometa 1,800 kikija na 1,800 kikienda. Kwa mwendo wa kilometa 7.8 kwa sekunde, mazungumzo yatadumu chini ya dakika 8, na baada ya hapo kituo kingine lazima kipokee. Hesabu hii ndogo ina msisimko wa kutosha kujaza sura nzima ya riwaya.

Pwani hii ina sura nyingine pia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza iliyotengwa mahsusi kwa kuchunguza eksrei zitokazo kwenye nyota, ambazo haziwezi kupimwa kutoka ardhini kwa sababu angahewa huzimeza. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Jukwaa liliwekwa karibu na Ikweta ambako dunia, kwa kujizungusha kwake, hukisukuma chombo kuelekea mashariki kwa kasi ya meta 464 hivi kwa sekunde bila ya kuchoma hata tone la fueli. Hivyo neno moja la Kiswahili limekwenda angani mara mbili, kwanza katika hadithi na kisha kwa kweli, na mara zote mbili waliolipeleka walikuwa wageni.

Pana pingamizi moja zito. Husemwa kwamba riwaya za anga zimejaa mambo yasiyowezekana, kama vile kusafiri kwa kasi kupita ile ya nuru, na kwamba mwanafunzi atachanganyikiwa. Pingamizi hilo ni la kweli kwa riwaya nyingi, lakini kwa riwaya tangulizi lina nguvu ndogo zaidi. Kadiri mwandishi anavyorudi nyuma, ndivyo anavyokaribia maarifa yaliyopo leo, na ndivyo uhuru wa kubuni miujiza unavyompungukia. Zaidi ya hayo, mwisho wa kisa unajulikana tayari. Hapana budi atafute sababu zinazoweza kuzaa matokeo yale yale, kama mwanajiolojia anavyofanya mbele ya tabaka za miamba.

Pingamizi jingine ni la lugha. Mtoto wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na aghalabu huanza kidato cha kwanza kwa Kiingereza, kana kwamba fizikia imehamia nchi nyingine. Wengine huhitimisha kwamba Kiswahili hakina maneno. Maneno yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Shida ni kwamba neno lililolala kamusini halina mtu wa kulitumia. Kani, mkinzano na obiti hayatazoeleka kwa kukaririwa. Yatazoeleka yakitiwa kinywani mwa mtu ambaye msomaji anamjali na anataka afaulu.

Kwa sababu hiyo mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wa shule moja yafaa wakae meza moja na kuwapa wanafunzi wao zoezi la kuandika sura ya kwanza. Msichana wa kidato cha pili aitwaye Nyota anakaa Magomeni. Mto Msimbazi umefurika, Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, na hawezi kuvuka kwenda shule. Anataka kujua kama mtu aliye juu angeyaona maji yale yakija, na angempelekea habari kwa njia gani. Masharti ni mawili tu. Kila tarakimu iwe imehesabiwa, na Nyota akosee hesabu moja muhimu, kisha aigundue na kuisahihisha mwenyewe mbele ya msomaji.