Njia ya Hewa Ndani ya Kasha la Kompyuta
Joto la kichakataji, yaani kijisehemu kinachofanya sehemu kubwa ya hesabu za kompyuta, huondolewa na hewa, nayo haina budi kupata njia iliyo wazi, kwani feni ya mbele, ambayo mara nyingi huwa na upana wa milimita 120, huvuta hewa ya chumbani na ile ya nyuma huitoa ikiwa imekwisha kupata moto. Fundo la nyaya lililoning'inia mbele ya feni huiziba njia hiyo na, baya zaidi, hunasa vumbi hadi likatanda kama sufi, ilhali nyaya zizo hizo zingeweza kupitishwa nyuma ya bamba linalobeba vifaa na kufungwa kwa vibanio vya plastiki. Katika joto la Dar es Salaam, kichakataji kinachokaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili kisiungue, na mwenye mashine hudhani imechakaa.