Mtoto akiandika "mato", amekosa nini?

Tangu kundi la kwanza la CBC lifanye mtihani wa KJSEA mwaka 2025, mazungumzo ya elimu yamekuwa ni sekondari pevu tu: nani kaitwa shule gani, karo ni kiasi gani, mkondo upi una kazi. Mimi naomba turudi chini, Gredi ya 1 hadi ya 3, kwani hapo ndipo watoto wetu wengi wa visiwani huanza kuachwa nyuma.

Mzazi huitwa shule akaambiwa mwanawe ni mvivu, hajui kuandika. Lakini neno hilo moja hufunika mambo matatu yasiyofanana, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni lugha. Mtoto wa Amu husema mato, nti, mtele, moya. Akifundishwa kuandika sauti anayoisikia, ataandika hivyo hivyo, kisha daftari lirudi limejaa wino mwekundu: macho, nchi, mchele, moja. Masikio yake hayana kosa. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kiamu kikabaki nje. Sera ya mtaala yasema madarasa haya ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Huku kwetu watu hudhani jambo hilo limetimia kwa kuwa sote ni Waswahili. Mwalimu aliyeletwa na TSC kutoka bara hana lawama ikiwa hakuna aliyempa hata orodha ya maneno ya Kiamu au Kitikuu. Sanifu lazima mtoto aijue, kwani mitihani ni ya sanifu. Lakini aambiwe, "Nyumbani twasema mato, kitabuni twaandika macho." Hilo ni somo. Alama ya mkasi peke yake haimfundishi kitu.

La pili ni mkono na umri. Kugeuza b ikawa d ni jambo la kawaida kwa watoto wadogo duniani kote, hadi miaka saba hivi. Wako wanaosema chuo ndicho kinachowachanganya, kwa kuwa Kiarabu huandikwa kutoka kulia. Siafiki. Watoto wasioijua alifu pia hugeuza herufi. Huyu anahitaji mazoezi ya vidole: kusuka ukindu, kuandika mchangani kwa kidole, dakika kumi kila siku bila kelele.

La tatu ni tatizo lenyewe. Mtoto amefika miaka minane au tisa, anasimulia hadithi vizuri, lakini sentensi moja humtoa jasho, na herufi alizozijua jana leo hazitambui. Apimwe macho na masikio kwanza, kisha apelekwe kituo cha tathmini cha EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka 1984, na huduma ni haki yake. Huenda ana disleksia, ambayo haihusiani na akili wala bidii. Fimbo haiitibu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza fimbo shuleni.

Shida yetu ni kwamba chekechea iko chini ya kaunti, na msingi uko chini ya serikali kuu. Mtoto anapovuka kutoka PP2 kwenda Gredi ya 1, anayejua udhaifu wake hubaki nyuma. Na kwa mzazi wa Kizingitini au Kiwayu, safari ya kutafuta vipimo ni nauli ya boti na siku nzima ya kazi iliyopotea. Kaunti na wizara zikubaliane mtathmini azifikie shule za visiwa angalau kila muhula. Wawakilishi wetu waulizwe hilo wanapokuja na basari.

Wakati tunangoja, mzazi achukue daftari la wiki mbili asome makosa yenyewe, moja moja. Kosa likifuata mdomo wa nyumbani, ni lugha. Likiwa ni la umbo la herufi tu, ni mkono. Likibadilika kila siku bila mpango, mwanao anaomba msaada, na kila muhula unaopita bila kupimwa unamgharimu.