Barua ya Kukataliwa Siyo Mwisho wa Shauri

Baadhi yetu tuna ndugu waliohamia Uingereza, na miongoni mwao wamo walemavu: huyu miguu haimchukui, yule macho yamefifia. Huko Serikali ina msaada wa fedha kwa watu wa namna hiyo. Katika England na Wales huitwa Personal Independence Payment, nao ulianza mwaka 2013. Mtu huomba, hupimwa, kisha huletewa barua. Wengi barua yao yasema: hapana.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Mtu huikunja barua, akaitia sandukuni, akasema: “Wakubwa wamekata neno, mimi ni nani?” Neno hilo si unyenyekevu. Sheria yenyewe imefungua njia ya kuuliza tena, na mwenye kuifuata hamwasi mtu.

Tuitazame njia hiyo. Kwanza, mtu aangalie tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Tangu siku hiyo ana mwezi mmoja wa kuiomba ofisi ile ile ilitazame shauri upya. Ofisi ikishikilia neno lake, humletea barua ya pili. Naye ana mwezi mmoja tena wa kupeleka shauri mahakamani. Mahakama hiyo haiko chini ya ofisi iliyomkatalia. Kwa kawaida huketi watu watatu: hakimu, mganga, na mtu ajuaye maisha ya walemavu. Hakuna malipo, na asiyejua Kiingereza aweza kuomba mkalimani bure. Kwa miaka mingi, zaidi ya nusu ya mashauri ya msaada huu yaliyosikilizwa pale yalikwisha kwa ushindi wa mwombaji.

Lakini machozi peke yake hayatoshi. Pale hawapimi jina la ugonjwa, bali mambo ayawezayo mtu na yale yanayomshinda. Huuliza habari za mambo 12, kama kupika, kuoga, kuvaa na kutembea, na kila jambo lina alama zake. Na sheria yasema hivi: mtu asihesabiwe kuwa anaweza jambo, asipoweza kulifanya kwa usalama, vizuri vya kutosha, kila linapohitajika, wala bila kukawia mno. Basi mama avaaye nguo peke yake, lakini kwa saa nzima na kwa maumivu makali, asijibu tu: “Naweza.” Tumelelewa kuficha shida zetu mbele ya wageni, hapa kuficha ni kujinyima haki. Wala asizidishe. Aseme kweli ya siku nzuri na ya siku mbaya, aiandike katika daftari, na aambatanishe barua ya mganga wake.

Tena ajue kwamba mahakama yaweza kupunguza hata kile alichokwisha kupewa. Kwa hiyo atafute shauri la wenye ujuzi kwanza. Citizens Advice, chama kilichoanza mwaka 1939, husaidia watu bure.

Je, ofisi ikikawia? Majuma hupita, miezi hupita, na jibu haliji. Subira ni njema, lakini subira siyo kunyamaza. Mtu ashike nakala ya kila karatasi anayoipeleka. Akipiga simu, aandike siku, saa na jina la aliyemjibu. Aulize tena kwa heshima. Wasipomjali, alete malalamiko kwa maandishi, au amwendee mbunge wa mahali anapokaa, kwani kuwasemea watu wake mbele ya ofisi za Serikali ni kazi mojawapo ya mbunge. Na atakaposhinda, kwa kawaida atalipwa pia fedha za miezi aliyokuwa akingoja. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi wanafunzi, mara nyingi ninyi ndio wasomaji wa barua nyumbani. Mkiletewa barua ya ofisi na mzee asiyejua kusoma, msomeeni kwanza tarehe, kisha siku ya mwisho ya kujibu, ndipo mengine. Maana mwenye haki akichelewa kujibu, aweza kuipoteza haki yake, hata kama mguu wake ni mbovu kweli kweli.