FAHALI WA KITULO SI FAHALI WA ITUNGI

Imani imeenea miongoni mwa wananchi wanaotaka kufuga kwa faida kwamba ukubwa wa ng'ombe ndio utajiri wa mfugaji. Watumishi wa serikali na walimu, ambao aghalabu ndio wenye mshahara wa kununulia fahali, huwa wa kwanza kuishika imani hiyo, na majirani zao huwafuata. Hapana budi ichunguzwe kabla haijawagharimu wakulima wa Kyela jasho lao.

Kwa mtu anayefuga ng'ombe wa nyama kwa majani matupu, swali si ng'ombe yupi mkubwa, bali ni yupi awezaye kuyageuza majani ya mahali pale kuwa nyama kwa gharama ndogo. Huko Kitulo, penye baridi ya zaidi ya meta 2,500 juu ya usawa wa bahari, Friesian hustawi. Milimani Rungwe nako chotara wa maziwa wamewaletea wananchi kipato cha kuonekana. Lakini Itungi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, iko chini ya meta 500. Pana joto, unyevunyevu na kupe. Ng'ombe wa Ulaya akishushwa huko huhema mchana kutwa, hupunguza kula, na ndigana kali isipomwua itamla mwenyewe fedha zake kwa dawa.

Na tufanye hesabu. Ng'ombe hula kwa siku chakula kikavu kipatacho asilimia 2.5 ya uzito wake. Jike wa kilo 400 huhitaji kilo 10. Jike wa kienyeji wa kilo 250 huhitaji kilo 6 na robo. Kwa hiyo malisho yanayowatosha majike wakubwa wawili huwatosha wadogo watatu. Watatu wanaweza kuzaa ndama watatu, na wawili hawazidishi wawili. Tena majani yakipungua, jike mkubwa ndiye hukonda kwanza, na jike aliyekonda hashiki mimba. Katika wilaya ambayo mpunga na kakao vimekwisha kuyabana malisho, hesabu hiyo si ndogo.

Hatusemi kwamba ng'ombe wetu mwenye nundu hana kasoro. Anakua polepole, na mara nyingi hupita miaka minne kabla hajafaa kuchinjwa. Lakini dawa ya kasoro hiyo tunayo hapa nchini. Katika karne iliyopita wataalamu wa Mpwapwa walichanganya damu ya Red Sindhi na Sahiwal wa bara Hindi, Boran, ng'ombe wetu wa kienyeji na damu kidogo ya Ulaya, wakapata ng'ombe wa Mpwapwa anayestahimili ukame na kutoa nyama na maziwa. Huko Kongwa, katika ardhi ambako mradi wa karanga wa Waingereza ulianguka mwaka 1951, ranchi ya taifa imezalisha Boran kwa miaka mingi. Hao wote wana nundu, na wamezoea jua.

Fahali wa Boran akipanda majike wa kienyeji, chotara wa kwanza hukua upesi kuliko mama zao, na hubaki na sehemu kubwa ya ustahimilivu wao. Lakini chotara hao wakizaana wao kwa wao, nusu ya nguvu ile ya uchotara hupotea katika kizazi kinachofuata. Kwa sababu hiyo fahali mmoja hatoshi, bali lazima pawe na utaratibu. Fahali abadilishwe kabla hajawapanda binti zake, na dume wasiofaa wahasiwe wawe maksai wa kulima mpunga.

Lipo kosa jingine kubwa zaidi, nalo halihitaji fedha kulisahihisha. Dume aliyenenepa upesi ndiye huuzwa kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye bei. Aliyedumaa hubaki zizini akawa baba wa kundi zima. Tukifanya hivyo mwaka hata mwaka, tunachagua udhaifu kwa mikono yetu wenyewe, kisha tunalaumu mbegu.

Wanyakyusa tangu zamani wamesifika kwa kutunza mazizi safi na kumjua kila ng'ombe kwa jina lake. Elimu hiyo ni mtaji. Inalobakia ni kuiongezea daftari: tarehe ya kuzaliwa, baba, mama, na uzito wa ndama anapoachishwa kunyonya. Hapo ndipo mwalimu na mtumishi wa serikali wana wajibu. Wao wanajua kuandika na kupima, na zizi lao hutazamwa na kijiji kizima. Wakinunua fahali kwa sifa za umbo, kijiji kitanunua hasara. Wakimchagua kwa ushahidi wa daftari, kwa kuzingatia majani na joto la Itungi, watakuwa wamefundisha somo ambalo halihitaji ubao.