UGONJWA WETU TUUSOME WENYEWE

Mji wa Same uko njiani. Malori yanayotoka Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi, Arusha na mpaka wa Holili hupita chini ya milima ya Upare, na madereva pamoja na utingo wao hutua hapo kula, kulala au kuziba pancha. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba naye huteremsha mazao yake kutoka mlimani hadi barabara hiyo hiyo. Basi njia inayomletea mnunuzi ndiyo iwezayo kumletea maradhi. Jambo hili tulijifunza sote mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, nalo ndilo linalotufanya leo tuzungumze habari ya elimu ya kusoma vinasaba vya virusi. Wako wanaodhani kwamba elimu hiyo ni anasa ya mabwana wa maabara. Sisi twasema ni silaha ya mkulima na mfanyakazi.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe. Virusi vya korona vina maandishi ya urithi yenye herufi zipatazo 30,000. Kila vinapozaliana maandishi hayo hunakiliwa, na mara moja moja hutokea kosa. Tuchukue mfano wa waraka wa Chama unaonakiliwa kwa mkono kutoka tawi hadi tawi. Karani wa tawi la kwanza akikosea neno moja, wote watakaonakili kwake watalirudia kosa lile. Wa pili akiongeza la kwake, walio chini yake watakuwa na makosa mawili. Zikusanye nakala zote mezani, nawe utaona waraka ulipitia matawi yapi, bila ya kumhoji mtu. Virusi vya korona hupata makosa mapya kama mawili hivi kwa mwezi, na kwa kuyafuata makosa hayo wataalamu huzitambua koo za virusi, zilikotoka na zinakoelekea. Hawatafuti mtu wa kumlaumu. Wanatafuta njia ya ugonjwa.

Tazameni yaliyotokea kwa jirani zetu. Wataalamu wa Kilifi walisoma vinasaba vya sampuli 311 zilizochukuliwa katika Pwani ya Kenya kati ya tarehe 17 Machi na 31 Julai 2020. Waliona kwamba ukoo mmoja, uitwao B.1, ulikuwa asilimia 74 ya sampuli zote. Koo za A, B na B.4 zilionekana kwa watu waliopimwa kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania au kwa wasafiri waliokuwa wakirejea nchini, wala hazikuenea sana. Upimaji wa mapema ulisaidia kuzizuia. Ule ukoo uliopenya pasipo kuonekana ndio uliozaa mlipuko.

Hapo pana jambo ambalo mfanyakazi hana budi kulishika. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, na madereva wa malori wakalazimika kupimwa. Siku zile dereva alitazamwa kama kwamba yeye ndiye ugonjwa wenyewe. Lakini maandishi ya virusi yaliposomwa, yalionyesha kwamba virusi viliingia Pwani mara nyingi, na kwa sehemu kubwa asili yake ilikuwa Ulaya, ingawa vingine huenda vilipitia nchi za jirani. Hata mgonjwa wa kwanza kutangazwa hapa kwetu, mjini Arusha tarehe 16 Machi 2020, alikuwa ametoka Ubelgiji, tena kwa ndege. Hatusemi kwamba dereva hawezi kubeba maradhi. Anaweza, kama mtu mwingine yeyote. Twasema kwamba uvumi humhukumu mnyonge kwanza, na ushahidi ndio utetezi wake.

Sisi wenyewe je? Hapa hatuna budi kusema kweli, maana ahadi ya kusema kweli daima ni ya zamani katika Chama chetu. Mwezi Mei 2020 hesabu yetu ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mzima haikuendelea. Virusi havikusimama. Katikati ya Februari 2021 wasafiri watatu waliotoka Tanzania walipimwa nchini Angola, na vinasaba vya virusi vyao vikasomwa Afrika Kusini. Vilikutwa na mabadiliko zaidi ya 30, na ulimwengu ukaelezwa kwamba huo ni ukoo mpya kutoka Tanzania. Ndugu zetu wa Angola na Afrika Kusini walitenda udugu. Uchungu wetu ni kwamba habari za nyumba yetu tulisimuliwa na jirani.

Baadaye mwaka huo njia ilinyoshwa. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikaanza kutolewa tena, na tarehe 28 Julai 2021 akazindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe mbele ya wananchi.

Wako watakaouliza kama kusema kweli kuna faida, na swali lao si la kipuuzi. Mwezi Novemba 2021 Afrika Kusini na Botswana zilitangaza ukoo wa Omicron, na malipo yao yakawa kufungiwa milango na Ulaya na Marekani. Hiyo ilikuwa dhuluma. Lakini siku chache baadaye Uholanzi ilisoma upya sampuli zake, ikakuta kwamba Omicron ilikuwa imekwisha kuingia humo kabla Afrika Kusini haijatangaza. Basi kusoma ndiko kulikoumbua dhuluma. Kama Afrika Kusini ingalinyamaza, isingalikuwa na neno la kujitetea.

Katika Upare somo la kushirikiana juu ya afya si geni. Katika miaka ya 1950 nyumba za tambarare ya Pare na Taveta zilipuliziwa dawa ya dieldrini katika mradi mmoja wa malaria, kwa kuwa mbu hakuujua mpaka wa Tanganyika na Kenya. Mradi ule ulikuwa wa watawala wa kikoloni. Leo kazi ni yetu. Taasisi ya utafiti iliyo pamoja na hospitali ya KCMC, Moshi, inao ujuzi wa kusoma vinasaba vya vimelea. Na mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka Kagera, maabara yetu ya taifa iliutambua, Serikali ikautangaza, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kwamba umekwisha.

Lakini mashine ya Moshi ni kipofu bila ya zahanati ya mlimani. Sampuli ikiachwa ipate joto njiani huharibika. Ikifika bila ya tarehe na mahali ilipochukuliwa, hata ikisomwa haisemi njia ya ugonjwa. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati ya Chome au Gonja anayeandika vizuri daftari lake, na dereva anayefikisha kisanduku cha barafu Same kabla ya jua kupanda, ni wasomaji wa vinasaba sawasawa na mtaalamu wa maabara. Wapare wanaifahamu kazi ya namna hiyo: ndiva haichimbwi na mtu mmoja, huchimbwa kwa msaragambo, na mfereji ukibomoka mahali pamoja shamba la chini hukauka.

Maoni yetu ni haya. Fedha za vitendanishi na za mafunzo zitoke katika bajeti yetu wenyewe, tusingoje hisani. Majibu yatangazwe upesi, nayo yarudishwe hadi kwenye zahanati zilizotoa sampuli. Siri ya mgonjwa ilindwe, wala dereva asigeuzwe mshtakiwa kwa sababu ya kazi yake. Na kila kiongozi wa Chama, kuanzia shina hadi taifa, awe tayari kupokea habari mbaya ingali changa, maana gonjwa jingine litakuja, na barabara ya Same iko wazi usiku na mchana.