Wafunzwe maana ya NFT kabla ya kununua

Mnunuzi wa mbuta katika ufuo wa Dunga, Kisumu, hukagua macho ya samaki kabla ya kutoa fedha zake. Vijana wetu wanaovutiwa na sanaa ya NFT hawana budi kuwa na hadhari kama hiyo.

NFT ni hati iliyoandikwa katika daftari la kompyuta linalotunzwa na mashine nyingi duniani, ikionyesha ni nani mwenyewe. Aghalabu picha yenyewe huhifadhiwa kwingine, na yeyote aweza kuinakili. Hakimiliki nayo haihami hivi hivi: sheria ya Kenya ya mwaka 2001 yataka ihamishwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi.

Hatukatai kwamba faida ipo. Mwaka 2021 mwanariadha Eliud Kipchoge aliuza kumbukumbu za ushindi wake kwa njia hiyo. Hata hivyo, mwaka uliofuata soko hilo liliporomoka, na wengi wakabaki na hati zisizo na mnunuzi.

Walimu wawahimize wanafunzi wachoraji kujifunza kuuza kazi zao. Lakini mwanafunzi atakayetumia karo kununua asichokielewa atakuwa amenunua mbuzi ndani ya gunia.